Saa Ishirini za Bi Mwanahawa

Hemedi alikuwa na ujuzi wa kumgeuza bibi kizee wa kilo tisini kitandani bila chai ya bibi huyo kumwagika. Kupalilia muhogo ndiko kulikomshinda, na nyumba aliyokwenda kuposa, kule Kitaya kandokando ya Ruvuma, ilikuwa na ekari tatu za muhogo na haikuwa na haja ya habari za chai.

Tumtendee haki. Alizaliwa Chuno, mjini Mtwara, baba yake karani wa bandari, na jembe alilishika shuleni tu, siku za adhabu. Mwaka 2001 akapata ufadhili wa kwenda Uingereza, mji wa Hull, kusomea elimu ya bahari. Ufadhili ulikumbuka ada, ukalisahau tumbo. Sheria ya kule ilimruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi saa ishirini kwa wiki, si dakika moja zaidi, na saa hizo Hemedi alizimalizia katika nyumba ya kulea wazee, akiwanyanyua, akiwalisha, akiwaogesha, akiwatembeza ukumbini hatua kwa hatua. Alipohitimu, sheria ikamwongezea mwaka mmoja wa kufanya kazi atakavyo. Akaomba kazi za bahari mahali kumi na saba, akapata barua kumi na saba za kumtakia heri, akarudi kwa wazee wake, safari hii kutwa nzima.

Haya yote alimwandikia mchumba wake Riziki, mwalimu wa shule ya msingi mjini Mtwara, bila kuficha kitu. Riziki ndiye aliyeyapunguza alipoyafikisha kwao Kitaya. Alisema tu kwamba Hemedi anashughulikia wazee. Mama yake, Bi Mwanahawa, akawaambia majirani kuwa mkwe mtarajiwa ni afisa wa wazee. Kaka yake Bi Mwanahawa, Mzee Nnunduma, ambaye kwa desturi za huko mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, akawatangazia watu msikitini kwamba wazee wote wa Uingereza wako chini ya kijana huyo. Hakuna aliyesema uongo. Habari ilinenepa tu njiani.

Mwanzoni mwa 2006 Hemedi akarudi, akapeleka posa, akapokewa vizuri, kisha akapewa jembe. Ndiyo desturi: binti wa watu humchukui kabla mama yake hajaliona jasho lako shambani kwake. Unalima msimu mmoja. Ukishindwa, posa yako inarudishwa bila matusi. Na mama mkwe mwenyewe humkaribii. Humpi mkono, huli naye, humtazami usoni, na mkikutana njiani mmoja anaiacha njia na kuingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hiyo ndiyo heshima ya mtu na mkwewe, na Hemedi aliishika sana, hata kwa wiki mbili za kwanza alichokijua kwa Bi Mwanahawa kilikuwa kikohozi chake.

Mzee Nnunduma alikuja kukagua kila asubuhi.

"Haya uliyoyaacha ni nini?"

"Majani, mjomba."

"Na haya uliyoyang'oa?"

Hemedi akayatazama vizuri. "Muhogo, mjomba."

Mzee akachuchumaa, akaishika mikono ya Hemedi na kuigeuza viganja juu. Malengelenge matupu. "Kwani kule Ulaya walikupa kazi kiasi gani?"

"Nilipokuwa nasoma, saa ishirini kwa wiki. Sheria ilikataza kuzidi."

"Ilikataza!" Mzee Nnunduma alikaa chini kabisa. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenzetu wanampa ntu jembe, halafu ikifika Jumatano wanamnyang'anya! Sasa ntu huyo ataiva lini?" Akanyanyuka akijipangusa shuka. "Sikiliza, kijana. Mwezi wa sita tutalizunguka shamba hili mimi na wewe. Likiwa limekushinda, posa yako naipeleka Chuno mwenyewe, kwa baiskeli."

Hakuwa anatania. Riziki alipokuja Jumamosi alimwambia hivyo hivyo, machozi yakimlengalenga, na Hemedi aliogopa kuliko alivyopata kuogopa mtihani wowote. Miaka mitano alikuwa amelala peke yake katika baridi ya Hull akilitaja jina la binti huyu. Kushindwa na magugu ingekuwa aibu ya dunia na ahera.

Wiki ya tatu, Bi Mwanahawa aliteleza kwenye maganda ya muhogo uani kwake, akaangukia nyonga. Akalazwa Mtwara mwezi mzima, akarudishwa na maagizo: mfupa utaunga, lakini ageuzwe kila baada ya saa mbili, na aanze kusimama kidogo kidogo. Asipogeuzwa atapata vidonda, na asiposimama sasa hatasimama tena.

Kazi hiyo wakapewa mabinti wanne wa ukoo, kiongozi wao Mariamu, wenye nguvu nyingi na mapenzi tele. Walimbeba kama gunia la korosho, wawili kwapani na wawili miguuni. Mama wa watu alipiga yowe ambalo, wanasema wanaojua kusema, liliwafanya wavuvi wa ng'ambo ya Msumbiji waache nyavu wakaulize kuna msiba gani.

Hemedi alikuwa nyuma ya nyumba na jembe lake. Siku ya kwanza aliziba masikio. Siku ya pili alikwenda kulima mbali. Siku ya tatu yowe lilimkuta akiwa karibu na ukuta wa udongo, na uvumilivu ukamwishia.

"Msimvute mikono!" alipaza sauti, akiwa ameupa ukuta mgongo na kufumba macho kwa ajili ya heshima. "Mkunjeni goti la mguu mzima kwanza! Mariamu, khanga mbili, zikunje ziwe mkanda, mpitishe kiunoni!"

Ndani khanga zikakunjwa. Kisha sauti ya Mariamu: "Goti limekunjika."

"La nani?"

"La kwangu!"

"La mgonjwa, Mariamu! Sasa shikeni mkanda, msimshike yeye. Nikisema tatu, mnamgeuza kwa pamoja, polepole. Moja, mbili, tatu!"

Hakukuwa na yowe. Kulisikika pumzi ndefu ya mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Hemedi akafumbua macho, na mbele yake alisimama Mzee Nnunduma.

"Afisa," alisema Mzee, "haya umeyajulia wapi?"

Hapo Hemedi akachoka na uafisa. Akamweleza yote, beseni kwa beseni.

"Umewaogesha? Mama za watu?"

"Na baba zao, mjomba."

"Kwa mikono hii?"

"Na sabuni."

Mzee Nnunduma akavua kofia, akaivaa tena. Alikuwa ametangaza msikitini. Sasa atawaambia nini? "Nkwe aliyezoea kuwafunua mama za watu, heshima ya nkwewe ataijua? Kesho posa inarudi. Sisubiri mwezi wa sita."

Aliyejibu alikuwa ukuta.

"Kaka," ilisema sauti ya Bi Mwanahawa kutoka ndani, kavu na tulivu. "Kabla hujapanda baiskeli, muulize. Hao wazee wake walisimama?"

Mzee akamtazama Hemedi. Hemedi akautazama mchanga.

"Wengine walisimama, mama. Kulikuwa na bibi mmoja aliyevunjika kama wewe. Alirudi kupalilia maua yake."

"Na wasiosimama?"

"Hawakupata vidonda," alisema Hemedi. "Hata mmoja."

Kuku walikatiza uani.

"Mkwe wangu haruhusiwi kuniona," alisema Bi Mwanahawa. "Mfanyakazi anaruhusiwa. Wazungu walimpa saa ngapi?"

"Ishirini kwa wiki," alijibu Mzee.

"Na mimi nampa ishirini. Kuoga nitaogeshwa na hawa mabinti. Yeye atanisimamisha. Ndani ya saa hizo simjui kama mkwe, na yeye hanijui kama mkwewe. Zikiisha, zimeisha, na nikimwona tena mbele yangu nitamrudisha Chuno mimi mwenyewe, hata kwa kutambaa."

"Na muhogo, dada?"

"Waupalilie hawa wanne. Wana nguvu ambazo mimi sizihitaji."

Mzee Nnunduma hakuridhika, lakini ugonjwa haukuwa wake. Alijiteua mwenyewe kuwa mtunza saa, akawa anakaa mlangoni na redio yake, mgongo ndani na uso nje. Saa zilipangwa asubuhi na jioni. Hemedi akaingia, akamfunga Bi Mwanahawa ule mkanda wa khanga, akamshika kwa mkanda tu, akamfundisha kukaa, kisha kuinuka, kisha kusimama akihesabu mpaka kumi. Katika saa hizo Bi Mwanahawa alimtukana kama mtu yeyote anavyomtukana mfanyakazi. Siku moja walikuwa hatua mbili kutoka kitandani, mama akitetemeka, redio ikatangaza saa moja kamili.

"Muda!" akaguta Mzee Nnunduma.

"Mjomba, yuko katikati ya chumba!"

"Sheria ni sheria! Si ndivyo walivyokufundisha?"

Ikabidi Mariamu avute kigoda, mama aketi, ajifunike khanga mpaka kichwani, na Hemedi atoke kinyumenyume, mikono machoni, akaangukia redio. Bi Mwanahawa alicheka ndani ya khanga mpaka nyonga ikamuuma.

Mwezi wa sita ukafika. Mzee Nnunduma alivaa kanzu, akamchukua Hemedi, wakalizunguka shamba. Lilikuwa safi. Mzee alilitazama kwa huzuni.

"Hili hukulilima wewe."

"Sikulilima, mjomba."

"Nami niliapa mbele za watu, nkwe apimwe kwa shamba. Sasa nitasemaje?"

Walishika njia nyembamba ya kurudi nyumbani, Mzee mbele, na penye kona wakamwona mtu anakuja. Alikuwa Bi Mwanahawa, na fimbo yake, peke yake. Hata Mariamu hakuwepo.

Mkono wa Hemedi ulinyooka wenyewe kumwendea, kwa mazoea ya miaka. Bi Mwanahawa aliuona. Akasimama, akavuta khanga usoni, akaiacha njia. Mguu mmoja, fimbo, mguu wa pili, akaingia taratibu kwenye majani marefu, akawapa mgongo na kutulia huko.

Hemedi akaurudisha mkono wake. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mzee Nnunduma alitazama majani yaliyolala pale dada yake alipopita. Akakohoa mara mbili.

"Pita, basi," alisema. "Hujaona kwamba nkweo amekupisha?"

"Na mwambie mkwe wangu," ilisema sauti kichakani, "atazame mbele."

Hemedi akapita, macho mbele. Nyuma yake akaisikia fimbo inarudi njiani, akahesabu hatua kwa masikio. Zilikuwa tisa, na hakuna aliyemshika.