Mkojo wa Johari

Mume wangu Uweso ni mtu wa usafi kupindukia. Kanzu yake ya Ijumaa anaipiga pasi mwenyewe, maana eti mimi naacha mikunjo. Sasa banda la Johari, ng'ombe wetu wa maziwa, liko karibu na mlango, huwezi kutoka nje usilipite, na tangu mimba yake ilipokuwa kubwa alikuwa anakojoa kutwa. Siku moja matone yakamrukia Uweso akienda msikitini. Alirudi kubadili nguo, Ijumaa ikampita, akanuna mpaka usiku. Akaamua Johari anywe maji mara moja tu, baada ya swala ya isha.

Nilimwambia jua la Tongoni la mwezi wa pili si la kumnyima kiumbe maji, seuze mwenye mimba. Akasema najisi ni najisi. Johari alipoanza kuchechemea, akamsagia vidonge vyake vya maumivu ya mgongo kwenye pumba. Hilo alilifanya kwa huruma, nisimsingizie.

Mkojo ukapungua, kisha ukakatika. Uweso akashukuru, akasema Johari kapona. Mimi niliona macho yamedidimia na pumba haigusi, nikampigia simu Leticia, daktari wa mifugo wa mjini.

Leticia alimpima, nami nikamweleza habari ya maji na ya vidonge. Halafu akatueleza kwamba mnyama akiwa na mimba damu huongezeka mwilini, mishipa ya figo hutanuka, na figo hupata damu nyingi kuliko kawaida. Ule mkojo ndio uliokuwa uzima wake. Kiu imeibana ile mishipa, na vidonge vya Uweso vimeizuia isitanuke tena. Ndama angali hai, alisema, ila hajafikia wakati wa kutolewa. Akatundika dripu.

"Sasa tufanyeje, daktari?" Uweso akauliza.

"Tusubiri akojoe, baba. Asipokojoa, sina kingine."

Nilitaka kumfokea Uweso nimalize yote. Nikashindwa. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya Johari, na kanzu yake ya Ijumaa mwilini, amekinga kiganja chini ya mkia. Adhana ikatoka, hakuinuka. Watu wakapita kwenda kuswali, wakapita kurudi, wakatusalimia, na aliyewaitikia ni mimi. Johari akalaza shingo chini.

Nilimshika Uweso kanzu ili nimwinue. Ilikuwa kavu.