Hati Iliyokosa Muhuri

Burulcha, mthibitishaji wa hati, alipomaliza kuisoma hati ya uwakili kwa sauti, alivua miwani akamtazama mzee Toktosun.

"Mzee wangu, tupishe kidogo."

"Niwapishe? Huyu ni mkamwana wangu. Tumekuja pamoja."

"Na mtaondoka pamoja. Lakini anayetoa uwakili lazima nimsikie peke yake, ndiyo kazi ya mthibitishaji. Kwenye korido kuna benchi, na jiko linawaka."

Mzee akatoka akinung'unika. Saikal, mkamwana wake, kila alipoulizwa kama anakubali, alikuwa ameitikia kwa kichwa tu, macho sakafuni. Mumewe alifariki majira ya baridi yaliyopita.

"Haya, mwanangu. Unampa nani uwezo wa kuiuza nyumba?"

"Mzee."

"Mzee yupi? Mji mzima wa Naryn umejaa wazee."

"Yule aliyetoka. Jina lake silitamki, mama. Ni baba mkwe."

Burulcha akacheka. "Baba mkwe wangu alikufa zamani na mpaka leo namwita Mwenye Ndevu. Jina liache. Nyumba ikishauzwa, utalala wapi na mtoto?"

Saikal akavuta ncha ya kitambaa chake. "Kijijini, kwa mzee. Anataka kununua farasi wa kuchinja kwenye karamu ya kutimiza mwaka wa marehemu, pesa zinazobaki anunue mifugo."

"Hilo analitaka yeye. Nimekuuliza wewe."

"Sitaki. Kazi yangu iko hapa, mtoto anasoma hapa. Ila kumwambia hapana mbele ya uso wake, mama, ulimi haufunguki."

"Usiufungue. Nitaufungua wangu."

Akamwita mzee ndani. "Sigongi muhuri."

"Kwa nini? Amekwambia nini?"

"Yanayosemwa humu ni siri ya ofisi. Hata mume wangu nikifika nyumbani hupata supu tu, habari hapati."

"Basi amekataa!"

"Nimekataa mimi. Nisiporidhika kwamba mtu anatia saini kwa hiari yake, sheria inanizuia. Kama una lawama, nilaumu mimi. Mahakama iko ng'ambo ya barabara, nenda ukanishtaki."

Mzee akaketi, kofia yake ya manyoya magotini. Akawa anayachambua manyoya kwa vidole.

"Watu watasema Toktosun amemfanyia mwanawe karamu bila farasi."

"Watasema wakiwa wameshiba. Mimi ni mama, mzee wangu, nakwambia bila kupamba: wageni watakula siku moja waende zao. Mjukuu wako atahitaji pa kulala kila siku."

Mzee alimtupia Saikal jicho, naye bado alikuwa ameinamia sakafu, mabega yamekaza kama anayesubiri kofi. Uso wa mzee ukalegea.

"Tutachinja kondoo," akasema. "Anayetaka farasi aje na wake."

Akavaa kofia na kuufungua mlango. "Funga koti, binti. Nje kuna barafu. Nikusindikize kwako kwanza."

Saikal akafunga vifungo, akamfuata. Burulcha akaichana hati ile na kumwita mtu mwingine.