Dakika Sita za Marui

Stellamaris alitoka Tangini alfajiri kwa pikipiki yake, begi la vifaa mgongoni, akafika Marui jua limeshapanda. Bomba la maji lilitakiwa kupita chini ya sakafu ya zege mbele ya ghala la korosho, na mashine ya kukatia zege ilikuwa imegoma tangu juzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?" Mzee Ngeleja, msimamizi wa kazi, alichungulia nyuma yake.

"Ndiye mimi."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akaonyesha mashine iliyolala kwenye turubai. "Hakuna cha kutengeneza hapo. Nimekuita uandike tu kwamba injini imekwisha. Soma mita."

Mita ilikuwa kidude kidogo kilichofungwa kwenye mpini, cha kuhesabu saa ambazo injini imeunguruma.

"Saa elfu moja mia moja themanini na saba," Ngeleja alisema. "Kwa miezi minne! Karibu saa kumi na mbili kila siku ya kazi. Huyu bwana anawaazimisha watu."

Alikuwa anamnyooshea kidole Mwinyimadi, mwendeshaji wa mashine, aliyekaa peke yake juu ya bomba.

"Wallahi mzee, haijawahi kutoka stoo bila wewe kujua," Mwinyimadi alisema. Sauti yake ilionyesha ameshayasema hayo mara nyingi.

Stellamaris alichuchumaa, akafuta kioo cha mita kwa kidole gumba. Tope la saruji lilipobanduka, ikaonekana nukta ndogo kama punje ya ulezi, kabla ya ile saba ya mwisho. Akatabasamu moyoni. Angeweza kusema pale pale. Lakini alishawazoea wasimamizi waliokwisha kutoa hukumu mbele ya vibarua. Hao huwaonyeshi nukta wakakubali. Aliona bora mashine ijisemee yenyewe.

Alifungua kifuniko cha chujio la hewa. Vumbi lilikuwa limeganda humo kama ugali wa jana.

"Chujio hili halijabadilishwa?"

"Niliomba jipya wiki tatu zilizopita," Mwinyimadi alijibu. "Nikaambiwa mashine inayokufa hainunuliwi dawa."

Ngeleja alikohoa.

Stellamaris alifunga chujio jipya kutoka kwenye begi, akasafisha plagi, akavuta kamba ya kuwashia mara mbili. Ya tatu injini ikanguruma, safi, bila kukohoa. Vibarua wakapiga miluzi.

"Mzee, shika simu yako, uangalie saa," alipaza sauti. "Ile namba ya mwisho kwenye mita, ungoje ibadilike. Kama ni saa nzima, tutakaa hapa mpaka miguu ife ganzi."

Ngeleja aliinama. Dakika ya nne, saba ikawa nane.

"Bahati tu," alisema. "Iache iendelee."

Wakaiacha. Dakika sita kamili baadaye, nane ikawa tisa. Stellamaris akazima injini.

"Ile ya mwisho ni sehemu ya kumi ya saa, mzee, yaani dakika sita. Nukta ilikuwa imefunikwa na saruji. Ulipoisoma ilikuwa saa mia moja na kumi na nane na dakika arobaini na mbili. Kama saa moja na ushei kwa siku. Hii mashine bado kijana."

Ngeleja alitia simu mfukoni. Kisha akavua kofia, akamwendea Mwinyimadi.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu hawa. Mbele ya hawa hawa, naomba unisamehe."

Machozi yalimlengalenga Mwinyimadi, akayafuta kwa mkono wa shati.

"Yameisha, mzee. Ila nikiomba chujio, ninunuliwe."

Watu wakacheka, na Ngeleja akacheka nao, kwa aibu kidogo. Kabla ya adhuhuri zege lilikuwa limekatwa mstari mmoja ulionyooka. Mwinyimadi alishika mashine, na msimamizi mwenyewe alishika ndoo, akiimwagia maji diski ya kukatia.