Kazi Iliyokwama Mlangoni

Jumatatu asubuhi Mama Pacha, mtengenezaji wa programu za kompyuta, alivua viatu chini ya meza, akabonyeza kitufe cha saa na kuanza kazi. Ofisi nzima ilifanya hivyo: ukikaa unabonyeza, ukiinuka unabonyeza, hata ukienda msalani. Bosi alitaka muda halisi wa kila kazi uhifadhiwe, ili mteja akiuliza kazi mpya itakwisha lini, wasibahatishe.

Walipozoea kusema kweli kwa miezi kadhaa, kazi zikaanza kuja zenyewe. Ikitajwa tu kikaoni, huingia mlangoni na ukubwa wake kamili, kwa kadiri ya muda itakaochukua. Ya kubadilisha rangi za ukurasa ilikuja kama paka, ikajilaza dirishani. Ya kutoa risiti ilikuwa kama mbuzi, ikatafuna pazia.

“Isogezeeni kiti,” alisema mhasibu, na kikao kikaendelea.

Jumatatu hiyo walikuwa na kazi mpya, mfumo wa miadi ya hospitali. Mama Pacha alikuwa na lake moyoni. Mdogo wake wa mwisho, aliyemlea kwa mikono yake, anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mteja akiambiwa muda wa kweli, Mama Pacha atapata ruhusa ya kwenda. Akiambiwa muda wa kumfurahisha, hatoki mtu.

Kazi ilipotajwa, vikombe vilicheza mezani. Kikaingia kichwa, mabega yakakwama. Ilikuwa kubwa kama kifaru, macho yake ya upole.

“Hiyo ni miezi miwili, bosi,” alisema Mama Pacha.

“Mimi nimeshamwambia mteja wiki mbili.”

“Si unaiona mwenyewe?”

“Naiona, mama. Lakini ukiitazama ubavuni, nyembamba.”

“Ubavu wenyewe bado uko nje,” alisema mhasibu.

Bosi akamwita seremala. Kufika adhuhuri mlango ulikuwa umepunguzwa upana, wafanyakazi wakawa wanaingia kwa upande, wamebana pumzi.

“Kuanzia leo,” bosi akatangaza, “kazi isiyopita hapa haipo.”

Mteja alifurahi mno. Kazi ikabaki kwenye korido. Wapitao waliisalimu, wakaikwepa mkia.

Jumamosi ya harusi Mama Pacha alikuwa amekaa korido hiyo, kompyuta mapajani, mgongo ameuegemeza kwenye kazi, maana ilikuwa na joto zuri. Alikuwa ameshamwombea mdogo wake dua asubuhi, akaona machozi hayamalizi mfumo. Simu ikaita. Uso wa bibi harusi ukajaa kiooni, shela na yote.

“Dada, huyo nyuma yako nani?”

“Kazi ya wiki mbili, mpenzi.”

Bibi harusi akaikagua toka pembe hadi kwato.

“Mbona imenona hivyo? Mnailisha nini?”

“Inakula Jumamosi zetu,” akajibu dada yake, akainua simu juu kidogo, ili kazi nayo iwaone maharusi.