Dawa Iliyopikwa Ikaiva

Mtaa mzima ulimwita Bi Sufuria, naye aliitika. Mjukuu wake wa kike alizaliwa na sistiki fibrosisi, ule ugonjwa unaofanya makohozi yagande kifuani kama gundi ya fundi viatu. Tangu wauguzi walipomfundisha kwamba kila kitu cha kumvutisha mtoto dawa lazima kiwe safi, hakuna chombo kilichosalimika nyumbani. Alichemsha kikombe cha mashine ya mvuke, akachemsha barakoa yake, akachemsha hata vijiko visivyohusika. Babu mtu alikuwa akificha meno yake ya bandia.

"Mke mwenzangu," binti huyo alimtania, maana ndivyo walivyoitana, "siku moja utanichemsha na mimi."

"Mifupa mitupu hiyo? Utanimalizia gesi bure."

Lakini usafi wote huo haukuwang'oa bakteria waliokwisha kujijengea makao kifuani. Walikuwa sugu, dawa waliziangalia tu. Tena, daktari alieleza, mwili ulipigana nao bila kupumzika, na vita hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiyavimbisha mapafu na kuyaharibu. Sasa kulikuwa na jambo la kujaribu: virusi wadogo wasiomdhuru mtu, kazi yao kula bakteria tu. Bakteria wakipungua, huenda na uvimbe ukatulia.

"Na hao walaji mmewatoa wapi?" Bi Sufuria aliuliza.

"Kwenye maji machafu, mama. Mtaroni huko ndiko bakteria walikojaa, na walaji wao wanawafuata. Ila tumewasafisha vizuri maabara."

Hayo ya maabara hayakumwingia. Masikio yake yalikuwa bado mtaroni.

Akapewa vichupa vya kuweka kwenye friji, binti avutishwe asubuhi na jioni. Kila asubuhi, kabla binti hajaamka, bibi alivitumbukiza vya siku hiyo kwenye maji yanayotokota, akaviopoa, akavipoza, akavifuta kwa kitambaa safi. Hakumwambia mtu. Usafi wake haukuwa wa kutangaza.

Waliporudi kliniki, daktari aliyatazama majibu ya vipimo.

"Hakuna kilichobadilika," alisema. "Bakteria wako vilevile, uvimbe uko palepale. Hawa virusi wanafanya kazi wakiwa wazima, na kufikia sasa wangekuwa wameshaonyesha matokeo. Naona kwake hawafai. Tuache, tusimchoshe mtoto."

Binti alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole.

Bi Sufuria alikuwa amebaki kwenye neno moja: wazima. Angeweza kunyamaza, dawa ikasemwa imeshindwa, naye akarudi nyumbani na heshima yake yote. Akaitazama ile mikono ya sweta.

"Daktari, mwanangu, hao wadudu wako wakichemshwa inakuwaje?"

"Wanakufa. Kwa nini?"

"Basi nimewamaliza. Nilikuwa nawatokosa kila asubuhi."

Daktari alivua miwani. "Umewachemsha?"

"Waliiva kabisa."

Binti akaangua kicheko, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa kicheko. "Bibi! Siku zote hizi unanivutisha mchuzi wa virusi!"

"Nisamehe, mke mwenzangu. Niliuogopa ule mtaro." Binti akautoa mkono kwenye sweta, akamshika.

Daktari alikuwa ameinamia meza, mabega yakimtikisika. Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu, na haikujulikana ni kwa hasira au kwa kicheko. "Basi hatujajaribu chochote bado," alisema, akanyanyua simu kupiga maabara. "Safari hii, mama, friji. Friji tu!"

Vichupa vipya vilipokuja, Bi Sufuria alivitoa kwenye friji kwa ncha za vidole, uso ameukunja kama anayebeba chura. Majuma yakapita. Daktari akasema uvimbe umeanza kushuka. Hakusema binti amepona, ila alisema tuendelee.

Mchana mmoja binti alijilaza kitandani. Bibi alikuwa sebuleni akikunja nguo, mara akahisi nyumba imepungukiwa na kitu. Ule mkwaruzo wa kifua, aliouzoea kama watu wanavyozoea saa ya ukutani, hausikiki. Akatupa nguo, akakimbilia chumbani, akamtikisa binti kwa mikono miwili.

"Nini tena, mke mwenzangu?" binti alinung'unika, jicho moja wazi.

"Hakuna. Nilikuwa nakutafuta."

"Si niko hapa?"

"Nimekuona. Lala."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akausikiliza ukimya ule mpaka nguo zikasahauliwa sakafuni.