Mbwa Waliofunga na Kuomba

...na usimwambie mtu, Adero, weka mkono kwa Biblia, na Adero akaweka, halafu Nakhumicha huyo huyo aliyemwapisha, kabla wimbo wa pili uishe, akamwambia Njoki, na Njoki si mtu wa kuambiwa, kwa hivyo sasa upande wote wa akina mama, hapa uwanja wa kanisa Njoro, unajua kwamba hao mbwa wadogo wanane waliopangwa kwa laini, tayari kwa mbio za harambee ya kanisa, walifungiwa stoo ya kanisa tangu jana mchana bila kuonja kitu, amri ya mzee Ndegwa, ati njaa ndiyo inawapa mbio, na Ndegwa mwenyewe, ona hilo tumbo, amejaa chapati, ameshika kipaza sauti, "Bwana asifiwe! Hata mbwa wetu wamefunga na kuomba!" na watu wanacheka, ai, wanacheka nini... kale keupe kanatetemeka, ni ka Chepngeno, miguu kama njiti za kiberiti, nani alikauliza kama kanataka kujenga kanisa, bati ni za watu, maombi ni ya watu, mbio ziwe za mbwa, si Ndegwa akimbie mwenyewe tuone... "Mama, mbona unanung'unika?" Adero huyo, "Sinung'uniki, naomba," na mkoba uko magotini, usinuke, tafadhali usinuke, kwa sababu ile siri nyingine hajaambiwa hata Adero, kwamba alfajiri alipita dirisha la stoo na sufuria ya matumbo, akawalisha wote kwa mkono, mmoja mmoja, wakashiba mpaka wakalala chali, yaliyobaki ndiyo yamo mkobani, mbwa akishiba hakimbii, atakaa chini, mchezo utaharibika, mwaka ujao wauze maandazi... lakini mwaka jana, mwaka jana nani alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, kale ka Wariara kalipoteguka mguu na bado kakakimbia na mitatu, nani alipiga kelele warudie, ni wewe, Nakhumicha, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, na hukukachukia, hiyo ndiyo mbaya, ulifurahi tu... "Moja! Mbili!" ...ulifurahi... "Tatu!" na mbwa wamesimama, pua juu, nyama ya Ndegwa inaning'inia kule mwisho na hakuna anayeitazama, kale keupe kamegeuka, kamemwona, ai hapana, si huku, rudini, washenzi nyinyi, wote wanane wanakuja, mikia juu, kama watoto wameona mama ametoka soko, wanapasua kwaya katikati, wako miguuni, wako magotini, mkoba umefunguka, na mkono wake, hajui uliingia humo saa ngapi, uko nje mbele ya kanisa zima umeshika kipande cha matumbo, "Shosho!" Ndegwa kwa kipaza sauti, "Hiyo ni nini umeshika?" na alikuwa na uongo tayari, uongo mzuri, aliupanga tangu alfajiri, lakini kale keupe kanamlamba vidole, ulimi moto, haraka haraka, kama kanaogopa kunyang'anywa... "Ni matumbo," anasema, "na punguza kelele, Ndegwa, wanakula."