Choya Isiyo na Sukari

Mwaka huu nilikuwa nimeapa kwamba sitoi maji. Watoe wengine. Mtaa wetu una milango mingi, una shule, una kanisa, na una watu wanaopenda kupamba mitungi ili wapigwe picha. Mimi nimechoka. Bomba halijatoa hata tone tangu kabla ya Kwaresima, tangi limebaki na tope, na wenye boza la maji ukiwapigia simu wanakwambia kesho, na kesho yao haijulikani ni ya mwezi gani. Zaidi ya hayo kuna mama yangu, Eustolia, ambaye siku hizi haniachi nilale. Anaamka, anavaa viatu, anataka kwenda sokoni kupanga meza ambayo tuliiuza mimi nikiwa bado msichana.

Lakini hapa Oaxaca, Ijumaa ya nne ya Kwaresima ni ya Msamaria, yule mwanamke aliyeombwa maji na Yesu pale kisimani, na siku hiyo mwenye mlango hana hiari. Unaweka mitungi kizingitini, unashika kata, na yeyote anayenyoosha kikombe unampa bure, awe mtalii, awe mlevi, awe mtu mliyefikishana mahakamani. Ukimnyima mtu siku hiyo, utasemwa mpaka Krismasi. Nyumba yetu imekuwa ikitoa tangu enzi za bibi. Hata hivyo ningeiacha mwaka huu bila majuto, kama nisingekutana na mama mdogo Tránsito dukani, Alhamisi asubuhi.

Tránsito ni mdogo wake mama, tumbo moja. Mlango wake unatazamana na wetu, barabara tu ndiyo inatutenganisha, na hawajasemezana tangu mimi nikiwa shuleni. Nilimkuta ameegemea friji ya barafu, anahema.

"Unatoa kesho?" akaniuliza.

"Sijui, mama mdogo. Nimechoka mpaka kwenye kucha."

"Toa." Akanishika mkono. "Mwanangu Fermín anakuja kunichukua baada ya Pasaka. Nahamia kwake Puebla."

"Puebla si mbinguni. Mabasi yapo."

"Kwa miguu hii? Bora mbinguni, kule nitabebwa." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nataka kikombe kimoja, Eloína. Kutoka mkononi mwake, siyo mwako. Wewe ungenipa hata ndoo, najua. Nasikia kichwa kimeanza kumtoka. Labda na lile nalo limemtoka."

Lile lenyewe ni hili. Mama alikuwa na desturi ya kwenda pwani ya Guerrero kila mwaka kabla ya siku ya Msamaria, kununua maua ya choya kwa wanaoyalima wenyewe, kwa sababu ya sokoni hapa aliyaita takataka za kupaka rangi. Mwaka mmoja alipokuwa huko, bibi akafariki. Tránsito hakumngoja. Alimzika kesho yake. Mama aliposhuka kwenye basi na gunia la maua mgongoni, alikuta watu wanarudisha viti vya kukodi. Tránsito alisema jua lilikuwa kali, maiti isingengoja. Mama hakujibu neno, na hajamjibu mpaka leo.

Kila mwaka, siku ya Msamaria, Tránsito alivuka barabara na kikombe chake cha bati cha bluu, akapanga foleni pamoja na watu. Na kila mwaka, ikifika zamu yake, mama aliifudikiza kata juu ya mtungi. "Yameisha," alisema, na mtungi umejaa hadi shingoni, watu wote wanauona. Padri alimkanya, wapi. Tránsito alikuwa akisema tu, "Haya. Mwakani," kisha anarudi kwake. Mimi nilikuwa nikisimama pale na uso umenishuka, natamani ardhi inimeze. Kubeba ugomvi usio wako kunachosha kuliko kubeba maji.

Basi nikanunua barafu. Ningefanyaje?

Mchana ule nilipiga magoti mbele ya jiko kama mtu anayetimiza adhabu. Maji yenyewe nilinunua, ya madumu ya dukani. Choya haipendi ujanja mwingi. Unayasuuza maua haraka, vumbi litoke na rangi ibaki, unayatia kwenye maji yanayochemka na kijiti cha mdalasini, yachemke kidogo tu, unazima, unafunika, unaondoka. Hapo kwenye kuondoka ndipo wengi wanaposhindwa. Wanafunua, wanakoroga, wanaongeza moto, mwishowe wanapata kitu kikali cha kukwaruza koo. Mimi niliondoka kwa furaha, nikakaa kwenye kiti na kufumba macho.

"Wewe msichana," sauti ya mama ikasema, "nani amekuajiri?"

"Mimi Eloína, mama. Binti yako."

"Binti yangu si mvivu hivyo." Alikuwa amesimama juu ya sufuria, amefunua kifuniko, ananusa. "Nani kaweka mdalasini?"

"Mimi."

"Mwingi. Lete kitambaa."

Mama yangu siku nyingine hajui kijiko kinashikwa upande gani. Lakini alichukua kitambaa cha kuchujia, akakitandika juu ya beseni, akamimina bila kumwaga tone, kisha akayakamua maua yale taratibu hadi vidole vikawa vyekundu. Maua hakuyatupa. Nusu aliyarudisha jikoni yachemke mara ya pili, nusu akaniambia niyakaange na kitunguu tule na tortila, mikate yetu ya mahindi, kwani ilikuwa Kwaresima na nyama hakuna. Nilisimama kumwangalia na hasira zangu zote zikalegea. Nilimpenda sana mama yangu saa ile, na nikamhurumia, na nikajihurumia mimi pia.

Nilipoleta sukari akanizuia kwa kiwiko. Alichukua jagi dogo la udongo kutoka rafu ya chini, akalijaza yale ya mchemsho wa kwanza, mazito, yasiyo na chochote, akalifunika kwa kisahani na kulisukuma pembeni ukutani.

"Hilo usiliguse."

"La nani?"

"La mwenyewe."

Sikushangaa, maana jagi lile nalijua. Kila mwaka lipo, kila mwaka linawekwa pale pale, na kila mwaka, siku ya pili yake, mimi ndiye ninayemwagia maua ya dirishani kile kilichomo. Nilidhani ni sadaka ya bibi aliyekufa, au ya mtakatifu fulani. Nyumba ya wazee ina mambo mengi, huwezi kuuliza kila kitu. Nikatia sukari kwenye beseni, nikakoroga, nikaonja, nikaenda kulala na viatu.

Ijumaa tukapanga mitungi mlangoni, nikaizungushia matawi ya bogenvilia. Mama nilimkalisha kwenye kiti chake kizingitini, nguo safi, nywele zimesukwa, kata mkononi. Alikataa kutoka bila lile jagi, akaliweka chini ya kiti, kati ya miguu yake. Watu wakaja. Wanafunzi, wapiga tarumbeta, wageni wenye kofia kubwa. Mzee Fidencio, fundi viatu wa pale kona, alipita mara ya tatu akiwa amebadilisha kofia.

"Wewe ulishakunywa," nikamwambia.

"Yule alikuwa kaka yangu."

"Kaka yako alikufa, Fidencio."

"Ndiyo maana ana kiu."

Mama alicheka mpaka akapaliwa, akamjazia. Mimi nilikuwa natazama ng'ambo tu. Mlango wa Tránsito ukafunguka. Akatoka na mtandio wake mweusi na kikombe cha bluu, akavuka akishikilia hewa, akaingia kwenye foleni kama mtu yeyote. Waliokuwa mbele waliomjua wakampisha. Watu wa mtaa wetu wanapenda kupisha pale palipo na jambo la kuangalia.

Akafika mbele. Akanyoosha kikombe. Mimi nikashika mlango.

Mama akamwangalia usoni. Akamwangalia kwa muda. Kisha akachota kutoka kwenye mtungi, akamjazia kikombe mpaka juu.

"Kunywa, bibi," akamwambia. "Jua kali leo. Umetoka mbali?"

Tránsito hakunywa. "Nimetoka hapo tu," akasema.

"Hapo tu wapi? Sijawahi kukuona."

Nikajua kwamba nimemwona mtu akipewa kitu na kunyang'anywa papo hapo. Mama mdogo aliinamisha kichwa, akanywa hadi mwisho, uso umekunjamana. Sukari ilimshinda. Kisha macho yake yakaangukia jagi lile chini ya kiti.

"Na hiyo je? Naomba kidogo ya hiyo."

"Hiyo hapana!" Mama alilivuta jagi kwa kisigino. "Hiyo ya mdogo wangu. Yeye hataki sukari tangu mtoto, anataka choya ya kung'ata meno. Wengine wote wanakunywa hii tamu, yeye lazima awe na yake. Mtu wa makuu yule."

Nilisikia masikio yananilia. Miaka yote ile nilikuwa namwagia jeraniamu za dirishani.

Tránsito akaketi kwenye ngazi ya mlango wetu. "Atakuja saa ngapi?" akauliza.

"Nani ajuaye. Huja, halafu mimi hasira zinanipanda, anaondoka. Leo namngoja bila hasira. Unaweza kukaa, hapo kuna kivuli."

Akakaa. Foleni ikaendelea kuwazunguka, mimi nikachukua kata na kutoa maji kwa watu ambao sikuona hata sura zao. Barafu ikayeyuka, mtungi wa kwanza ukaisha, wa pili ukafika chini. Nyuma yangu wale wawili walikuwa wakiongea kama abiria waliokutana stendi.

"Alikukosea nini huyo mdogo wako?" Tránsito aliuliza, sauti chini.

"Alimzika mama bila mimi."

"Ah. Vibaya hivyo."

"Vibaya sana." Mama alisugua wekundu uliobaki kwenye vidole. "Lakini jua lilikuwa kali mwaka ule. Ungefanyaje na jua lile? Mimi nilipigiwa simu dukani kule pwani, wakaniambia mama hali mbaya, rudi. Nikasema nimalize kwanza kuchagua maua, nisirudi na takataka. Nilipomaliza basi lilikuwa limeondoka."

Kata ilinitoka, ikaangukia ndani ya mtungi. Hilo hakuwahi kulisema. Si kwangu, si kwa padri, si kwa mtu. Tránsito alijifunika uso na mtandio, na mabega yakaanza kutikisika.

"Unalia nini, bibi? Si mama yako," mama akamwambia, si kwa ukali, akampigapiga mgongoni.

Jua likazunguka, foleni ikaisha. Mzee Fidencio alikuja na kofia ya nne, akawaona wale wawili, akavua kofia na kurudi alikotoka bila kuomba. Nilianza kufagia maua yaliyoanguka. Nilitaka kusema, mama, huyu ndiye Tránsito, mtazame vizuri. Nilifungua kinywa. Mama mdogo akanitazama na kutikisa kichwa: acha.

Mama alikuwa amechoka sasa. Anapochoka kidevu humwanguka kifuani, kisha anashtuka. Alishtuka, akatazama mlango wa ng'ambo uliofungwa, akatazama barabara juu na chini.

"Haji," akasema. "Leo nimemngoja na hakuja."

"Labda miguu," Tránsito akasema.

"Labda." Akainama kwa tabu, akaliokota jagi, akatoa kisahani. Alilishika mapajani kwa muda mrefu. Kisha akaliinamisha juu ya kikombe cha bluu, polepole, mkono wake mwenyewe, choya nyeusi nzito ikashuka bila kumwagika. "Kunywa wewe basi. Isije ikamwagiwa maua tena. Lakini usije ukamwambia kwamba nilikupa yake."

"Simwambii."

Alikunywa. Ilimng'ata meno, niliona taya likikaza na jicho moja likifumba. Akamaliza, akafuta mdomo, akapindua kikombe kuonyesha hakuna kilichobaki. Mama alimtazama kwa makini akifanya hivyo, akiwa amekunja uso kama mtu anayetafuta jina, na mimi nilisimama na ufagio wangu, nikiomba, nikiomba kweli kweli.

Jina halikuja.

"Umechelewa kuja mwaka huu, bibi," mama akamwambia. "Mwakani njoo mapema."

"Haya," akasema mama mdogo, akijiinua kwa kushika goti la dada yake. "Mwakani."